Kompyuta na Simu: Kabla Hujanunua Nyingine, Tafuta Kilichochoka

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja. Mtu ameambiwa mashine yake imepitwa na wakati, atafute nyingine, kumbe kilichochoka ni kipande kimoja tu, na wakati mwingine hakuna hata kipande kilichochoka. Tumezijibu zile ambazo jibu lake litawafaa wengi.

Shule yetu ina kompyuta 12 za mezani, zote Core i5-4570, RAM GB 4, diski GB 500, zinatumia Windows 10. Fundi anasema Windows 10 imekufa na zote zibadilishwe. Bodi ya shule haina fedha hizo. Tufanyeje?
*Mwalimu wa TEHAMA, Singida*

Mwalimu, fundi ana nusu ya ukweli. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft haitoi tena viraka vya bure vya usalama kwa Windows 10. Mashine zitaendelea kuwaka kama kawaida, ila kila tundu jipya litakalogunduliwa litabaki wazi. Na hizo zenu haziwezi kuhamia Windows 11 kihalali, kwa sababu kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi kinasomeka kwenye jina lenyewe: i5-4570 ni kizazi cha nne, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi.

Atatokea mtu wa kuwaambia kwamba Windows 11 inaweza kupigwa kwa kuruka ukaguzi huo. Ni kweli, inawezekana. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe. Itabidi urudie kazi kwa mkono kwenye kila moja. Kwa mtu na laptopu yake, ni uamuzi wake. Kwa shule yenye mashine 12 na mwalimu mmoja, tunasema msifanye.

Njia ya kwanza ni kulipia muda wa nyongeza. Kwa taasisi za elimu Microsoft iliweka bei ya dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu, yaani dola 84 kwa mashine zote 12 hadi Oktoba 2028. Haununuliwi dukani, unapitia mkataba wa leseni wa taasisi, kwa hiyo ulizeni wakala wa Microsoft. Mtu binafsi ana mpango wake mwingine unaofika tarehe 13 Oktoba 2026: ni bure akiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe huko, au dola 30 asipotaka. Kwa wote, toleo la Windows 10 liwe 22H2. Andika winver kwenye sehemu ya kutafuta ulione.

Njia ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendelea kwa chumba cha wanafunzi, ni Linux Mint 22 toleo la Xfce, mfumo wa kuendesha kompyuta unaowekwa badala ya Windows. Ni bure, inapata masasisho hadi 2029, na kwa RAM ya GB 4 inafanya kazi bila kulalamika. Acheni Windows kwenye mashine moja au mbili zenye programu ya uhasibu au ya mitihani isiyokubali kwingine, na hizo ndizo mlipie nyongeza.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Pakueni faili la ISO, yaani Mint nzima ndani ya faili moja, chini kidogo ya GB 3. Kwa intaneti ya kukatika-katika, faili hilo huharibika njiani bila kuonyesha dalili, kisha usakinishaji unakwama katikati na watu wanailaumu Mint. Kwa hiyo kwenye Windows fungueni dirisha la amri, andikeni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na mlinganishe msururu wa herufi na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata herufi moja, pakueni upya. Chukueni flashi ya GB 8, mwandike ISO hiyo kwa programu ya Rufus. Kila kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika. Washeni kompyuta huku mkibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP, mchague flashi.

Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo msikimbilie kusakinisha. Jaribuni sauti, Wi-Fi, projekta na printa. Printa za HP mara nyingi zinakubali zenyewe. Ile Canon LBP2900 iliyojaa maofisini ni msumbufu, kwa sababu inategemea lugha ya Canon ambayo Linux inaisoma kwa shida. Hiyo iunganisheni na mashine iliyobaki na Windows. Wi-Fi ikikataa, chomekeni simu kwa waya wa USB, muwashe kugawa intaneti, kisha mfungue Kisimamizi cha Viendeshi cha Mint kitafute kinachokosekana.

Hamisheni kwanza mafaili yote ya zamani kwenye diski ya nje. Usakinishaji unaofuta diski nzima haurudishi kitu.

Jambo la mwisho linahusu bando. Mashine 12 zikipakua masasisho yaleyale kila moja kwa wakati wake, mtalipia kitu kimoja mara 12. Sakinisheni programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mashine moja na kuzielekeza nyingine kwake kwa mlango 3142. Kifurushi kitashuka mara moja tu, kisha kitagawanywa ndani ya shule.

Mkipata fedha kidogo, nunueni RAM ya DDR3 kabla ya kitu kingine, moja ya GB 4 kwa kila mashine. Si DDR4, mkato wake uko mahali tofauti, haitaingia.

Laptopu yangu ina miaka saba. Inachukua dakika nne kuwaka, na nikifungua Excel inaganda. Fundi mmoja ameipiga Windows upya mara mbili, ikapona wiki moja tu. Ni virusi?
*Mhasibu, Mombasa*

Dada, haielekei. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Iache laptopu ikae dakika tano bila kufungua kitu, kisha soma safu mbili, ya kumbukumbu, yaani RAM, na ya diski. Diski ikiwa asilimia 100 huku kumbukumbu iko nusu, tatizo ni diski. Kumbukumbu ikiwa juu ya asilimia 85 nayo, RAM haitoshi, na Windows inatumia diski kama RAM ya kuazima, jambo linaloichosha diski maradufu.

Laptopu za umri huo nyingi zina diski ya sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Inaposoma faili moja kubwa inakwenda vizuri, kama MB 100 kwa sekunde. Lakini Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa. Inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kinasubiri mkono wa diski uhame na sahani izunguke. Hapo kasi inashuka chini ya MB 1 kwa sekunde. Hakuna upigaji Windows utakaobadilisha hilo. Ule unafuu wa wiki moja ulitokana na diski kuwa tupu.

Kabla ya lolote, pakua CrystalDiskInfo uangalie mistari yenye namba 05, C5 na C6. Thamani ghafi zote zikiwa sifuri, diski ni nzima ila ni ya polepole. C5 au C6 zikiwa na namba yoyote, kuna sehemu za diski ambazo haziwezi tena kusomeka. Siku hiyohiyo nakili vitabu vyako vya hesabu mahali pengine, ukianza na visivyo na nakala.

Dawa ni SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka. Ya aina ya SATA, inchi 2.5, unene milimita 7, inasoma hadi MB 500 kwa sekunde na, la maana zaidi, haina mkono wa kusubiri. GB 240 inamtosha mhasibu. Diski ya zamani ikiwa na unene wa milimita 9.5, SSD itacheza ndani ya nafasi yake. Boksi nyingi huja na fremu ya kuijazia. Kama laptopu yako ina tundu la M.2, usinunue kwa kukisia, maana M.2 ni umbo tu: kuna za SATA na kuna za NVMe, na tundu la moja huenda lisikubali nyingine. Andika namba kamili ya modeli ya laptopu, soma kitabu chake cha matengenezo.

Fundi atataka kuhamisha Windows ilivyo kutoka diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 240. Programu kama Clonezilla inakataa kuhamia kwenye diski ndogo zaidi mpaka upunguze kwanza ukubwa wa sehemu za diski, na ndipo watu wanapoharibu data. Kwako tunashauri Windows ipigwe upya kwenye SSD tupu. Uhalali wake umefungwa na ubao mkuu wa mashine, haukai kwenye diski, kwa hiyo itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti. Diski ya zamani itie kwenye kava la USB, uchukue mafaili yako polepole. Kama data ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Hakikisha unao kabla ya kuchomoa chochote. Kwa walio wengi umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft.

Nimechapisha kazi yangu kwenye saiba. Nilipochomeka flashi nyumbani, folda zote zimegeuka njia za mkato na nikibofya hakuna kitu. Flashi inaonyesha bado imejaa. Nimepoteza tasnifu?
*Mwanafunzi, Eldoret*

Hujapoteza. Flashi kuonyesha imejaa ndiyo habari njema. Mnyoo wa kompyuta ya saiba, yaani programu haribifu inayojisambaza yenyewe, umezificha folda zako halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya moja, unauendesha mnyoo kwenye mashine yako, na kila flashi itakayoingia hapo baadaye itaambukizwa. Acha kubofya.

Tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme E. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andika hivi, ukizingatia nafasi kati ya maneno:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hii inaondoa alama za kufichwa kwenye kila faili na kila folda. Fungua flashi kwa kichunguzi cha mafaili, si kwa kubofya njia za mkato. Ukiona folda isiyo na jina kabisa, usiifute: baadhi ya minyoo hii hukusanya vitu vyako vyote ndani ya folda ya namna hiyo. Nakili hati zako tu, zenye mwisho wa docx, pdf, xlsx na picha. Chochote chenye mwisho wa lnk, vbs, js au exe ambacho hukukiweka wewe kisihame. Kisha formati flashi, na kwenye kompyuta yako washa ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao, unaochukua kama robo saa na kuwasha mashine upya.

Safari ijayo igeuze kazi kuwa PDF na uitume kwa barua pepe ya saiba. Hiyo pia inazuia kurasa zako kuvurugika pale kompyuta yao inapokosa fonti uliyotumia.

Na kwa kuwa tuko kwenye flashi: zile za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni za uongo. Ndani kuna GB chache, na kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya. Unaandika mafaili, yanaonekana yameingia, ila yaliyopita uwezo halisi yanaandikwa juu ya mengine au yanapotea. Programu ya H2testw inaijaza flashi yote kisha inaisoma upya. Inachukua saa kadhaa, lakini inasema ukweli. Usishtuke flashi halali ya GB 64 ikionyesha 59.6. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kompyuta ya ofisi kila asubuhi inarudi mwaka 2013, na tovuti zote zinasema si salama. Tukirekebisha saa zinafunguka. Tubadilishe mashine?
*Karani, Bukoba*

Badilisheni betri ya saa. Ni ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mkuu, imeandikwa CR2032, volti 3. Zimeni, chomoeni waya wa umeme, bonyezeni kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, sukumeni kile kibano kidogo pembeni, betri itaruka juu. Upande ulioandikwa uelekee juu. Tovuti ziligoma kwa sababu kila cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayodhani ni 2013 inakiona cha leo kuwa hakijaanza kutumika.

Simu yangu ya GB 32 inasema nafasi imejaa kila wiki. Nimefuta programu karibu zote. Nimeweka programu mbili za kusafisha simu, imezidi kuwa nzito. Mipangilio inasema RAM ni GB 3 na nyongeza ya GB 3, mbona haisaidii?
*Mama wa biashara, Mbeya*

Mama, anza kwa kuziondoa hizo programu za kusafisha. Zinakaa macho muda wote zikileta matangazo, na zinafunga programu ambazo Android inalazimika kuzifungua tena, hivyo betri na RAM vinaliwa mara mbili. Kisha zima na ile nyongeza ya RAM. Hiyo si RAM. Ni kipande cha hifadhi yako ya GB 32 kilichotengwa kuigiza RAM, na hifadhi ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Ukiizima na kuwasha simu upya unarudishiwa GB 3 za nafasi.

Kinachojaza simu ya mfanyabiashara ni WhatsApp. Ndani yake ingia mipangilio, hifadhi na data, kisha kusimamia hifadhi. Itakuonyesha mafaili yaliyozidi MB 5, yaliyosambazwa mara nyingi, na kila kundi linakula kiasi gani. Kundi la ukoo na la vikoba peke yake linaweza kuwa na GB kadhaa za video. Futa humo humo. Ukimaliza, zima upakuaji wa kiotomatiki kwa Wi-Fi na kwa bando, ili picha ishuke pale tu unapoigusa. Zima pia kuonekana kwa picha za WhatsApp kwenye matunzio, zisije zikachanganyika na za bidhaa zako.

Hapa kuna jambo la kuwa nalo makini. Kwenye orodha ya programu utakuta maneno mawili yanayokaribiana: kufuta kache na kufuta data. Kache ni takataka za muda, zifute bila hofu. Ukifuta data ya WhatsApp, mazungumzo yote yanaondoka, na maagizo ya wateja wako pamoja nayo. Kabla ya kugusa chochote, nakili kwenye kompyuta folda ya com.whatsapp iliyo ndani ya Android, kisha media. Nakala ya kwenye akaunti ya Google nayo ipo, lakini sasa inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, na zikijaa inaacha kuhifadhi.

Jitahidi GB 4 zibaki tupu daima. Hifadhi ya simu haiwezi kuandika juu ya kilichopo. Lazima ifute kwanza kizuizi kizima, na isipokuwa na vizuizi vitupu vya akiba, kila picha unayopiga inasubiri usafi ufanyike. Ndiyo sababu simu iliyojaa inakuwa nzito hata ikiwa mpya.

Nasafiri kutoka Muscat kwenda Zanzibar na pawabenki ya mAh 20,000. Itaruhusiwa kwenye ndege? Na mbona haichaji simu yangu ya mAh 5,000 mara nne?
*Msomaji, Muscat*

Zidisha 20,000 kwa volti 3.7, ugawe kwa 1,000: ni Wh (saa-wati) 74, chini ya kikomo cha Wh 100. Itaruhusiwa, ila iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia chini, na maandishi ya uwezo wake yasomeke. Mashirika kadhaa sasa hayaruhusu kuitumia ndani ya ndege.

Hizo mAh 20,000 zimepimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. Ikipandishwa kuwa volti 5 za USB, kisha simu ikaishusha tena, sehemu inapotea kama joto. Mara mbili na nusu hadi tatu ndiyo hesabu ya haki. Ukipata mara moja tu, umeuziwa maandishi.

Nataka laptopu iliyotumika kutoka Kariakoo kwa ajili ya kijana wangu wa chuo. Nikague nini pale dukani, nisiyejua kompyuta?
*Mzazi, Morogoro*

Mzee wetu, nenda na simu yenye bando na flashi, na usikubali kununua iliyofungwa kwenye boksi.

Mwambie muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani na aiunganishe na intaneti ya simu yako mbele yako. Laptopu nyingi zilizotumika zilikuwa za makampuni ya ng'ambo, na nyingine bado zimeandikishwa kwao. Zikipata intaneti baada ya kufutwa, zinaomba barua pepe ya kampuni hiyo na haziendelei. Bila intaneti huwezi kuligundua hilo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Kisha izimwe, iwashwe kwa kubonyeza F2 au F10 kuingia kwenye mipangilio ya msingi. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache.

Windows ikishafunguka, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Itakutajia mahali ilipoweka ripoti. Humo linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa: ikiwa ilikuwa 50,000 na sasa ni 28,000, imebaki asilimia 56, nawe jadili bei ukihesabu betri mpya. Weka laptopu juu ya meza iliyo sawa. Ikitikisika, au kibao cha kugusia kimeinuka, betri imevimba. Hiyo usiibebe hata kwa bei ya bure, maana betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto.

Kama ni Dell, tazama ikiwaka isije ikasema haiitambui chaja. Chaja zake zina sindano nyembamba katikati inayoijulisha mashine nguvu ya chaja. Sindano ikivunjika au chaja ikiwa bandia, betri haichaji na prosesa inapunguzwa kasi, na mtu anadhani amenunua laptopu mbovu.

Utaonyeshwa na Chromebook za bei ya chini sana. Kila modeli ina tarehe ambayo masasisho yake yanaishia, na inasomeka kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu ChromeOS. Zilizotumika nyingi zimebakiza muda mfupi au zimeshapita, na hifadhi yake ya GB 32 imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki. Kwa kijana anayehitaji programu za chuo za Windows, mtafutie laptopu nyingine.

Kwa matumizi ya miaka mitatu au minne, tafuta Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi, RAM GB 8, SSD GB 256. Piga kila kitufe cha kibodi kwenye ukurasa mtupu, fungua kamera, jaribu kila tundu la USB kwa flashi yako, na uiache icheze video dakika 20 bila chaja huku ukisikiliza feni. Muuzaji akisema hana muda huo, wa duka la jirani anao.